Namna ya kutambua kiunganishi sahihi cha umeme kwa kifaa cha nyumbani

Na Mwandishi Wetu

HARUFU ya plastiki inayoungua jikoni ni jambo ambalo familia nyingi za mijini zimewahi kukutana nalo. Jagi la kuchemshia maji limewashwa, maji hayajachemka, na ghafla moshi mwembamba unatoka mahali ambapo waya umechomekwa kwenye kifaa. Umeme unazimwa, waya unachomolewa, na kichwa chake kinaonekana kimegeuka rangi kuwa kahawia, huku tundu moja likiwa limeyeyuka.

Kinachofuata katika nyumba nyingi kinajulikana. Mtu anachukua waya wa kompyuta uliokuwa umehifadhiwa kabatini, anaujaribu kwenye jagi au kwenye jiko la wali, na kwa kuwa unaingia, anautumia. Kwingine fundi wa mtaani hukata kipande kilichoungua, akasokota nyaya kwa vidole na kuzifunga kwa tepu. Kifaa kinawaka na tatizo linaonekana limekwisha.

Ukweli ni kwamba kuingia na kuwaka si uthibitisho kuwa kiunganishi ni sahihi. Viunganishi viwili vinaweza kufanana kwa macho, lakini kimoja kikawa kimetengenezwa kwa ajili ya joto ambalo kingine hakiwezi kulihimili. Makala haya yanaeleza namna ya kukitambua kiunganishi kinachotakiwa kabla ya kukinunua, iwe ni kile cha kwenye kichwa cha waya au kile kidogo kilichomo ndani ya kifaa.

Kwa nini fyuzi haikusaidii

Wengi huamini kuwa kosa lolote katika umeme litakatwa na fyuzi au sakiti breka. Imani hiyo si sahihi linapokuja suala la kiunganishi kibovu.

Fyuzi hukata pale mkondo wa umeme unapozidi kiwango kilichowekwa. Kiunganishi kilicholegea hakiongezi mkondo. Kinachofanya ni kuuzuia kidogo mahali pale pale pa kiungo, na kizuizi hicho hugeuza sehemu ya umeme kuwa joto.

Chukua mfano wa jagi linalotumia takriban ampea 9. Ikiwa kiungo kimoja kina ukinzani wa sehemu mbili tu za kumi za omu, joto linalozalishwa hapo ni wati 16 hivi. Kiasi hicho kinakaribia kile cha chombo kidogo cha kuyeyushia risasi, nacho kimekusanyika katika eneo lisilozidi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Plastiki ya kawaida haiwezi kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu.

Wakati huo wote fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi inaona mkondo wa ampea 9, ambao ni wa kawaida, hivyo haikatiki. Hata ile swichi inayokata umeme unaovuja, ambayo majumbani kwa kawaida huwa ya milliampea 30, haiguswi kwa kuwa hakuna umeme uliovuja. Kwa maneno mengine, hakuna mlinzi wa kiungo hicho isipokuwa ubora wa kiungo chenyewe. Ndiyo maana kukitambua kiunganishi kwa usahihi ni suala la usalama wa nyumba nzima.

Anza na kibandiko cha kifaa

Hatua ya kwanza ni kusoma kibandiko au bamba la taarifa, ambalo mara nyingi huwa chini au nyuma ya kifaa. Hapo huandikwa volti, wati na wakati mwingine ampea.

Kama ampea hazikuandikwa, gawanya wati kwa volti. Jagi lililoandikwa volti 220 hadi 240 na wati 1,850 hadi 2,200 hutumia takriban ampea 9.2, yaani wati 2,200 kugawanywa kwa volti 240. Anayetaka kujiachia nafasi ya usalama agawanye wati kubwa kwa volti ndogo, ambapo atapata ampea 10. Jiko la wali la wati 700 kwenye umeme wa volti 230 hutumia ampea 3 tu.

Namba hiyo ndiyo ya kwanza kwenda nayo dukani. Kiunganishi, waya na plagi vyote vinapaswa kuandikwa ampea zinazolingana nayo au kuizidi.

Kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye kifaa

Vichwa vya nyaya zinazochomoleka vimewekewa utaratibu na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, iliyoanzishwa mwaka 1906 na yenye makao yake makuu mjini Geneva, Uswisi. Kiwango chake namba 60320 kimevipa viunganishi hivyo herufi C na namba. Namba witiri ni za kichwa cha waya chenye matundu, na namba shufwa ni za upande wa kifaa wenye pini. Kwa hiyo kichwa C13 huingia kwenye pini za C14.

C13 ndicho kinachojulikana zaidi, kwa kuwa ndicho cha kompyuta za mezani na pia majiko mengi ya wali. Kina matundu matatu, na kona zake mbili zimekatwa. Kiwango hicho cha kimataifa kinakiruhusu kubeba ampea 10, lakini kwa sharti kwamba pini za kifaa zisizidi joto la nyuzi 70 za Sentigredi.

C15 kinafanana sana na C13, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Nacho ni cha ampea 10, lakini kimeundwa kwa vifaa vya moto ambavyo pini zake hufika nyuzi 120. Alama ya kukitambua ni mfereji mdogo uliochongwa upande ulio mkabala na tundu la ardhi, yaani ethi. Kwenye kifaa, yaani C16, kuna tuta dogo linaloingia katika mfereji huo.

Tuta hilo liliwekwa kwa makusudi. Kazi yake ni kuzuia waya wa kompyuta usiingie kwenye jagi au chombo kingine cha moto. Kichwa C15 kinaweza kuingia kwenye kifaa cha C14 bila madhara, lakini C13 hakiingii kwenye C16. Anayechonga plastiki kwa kisu ili kuulazimisha waya wa kompyuta uingie kwenye jagi anaondoa ulinzi uliowekwa kwa ajili yake mwenyewe.

C19 ni kikubwa zaidi na hakina kona zilizokatwa. Hubeba ampea 16 na hutumika kwenye vifaa vinavyokula umeme mwingi.

C7, chenye umbo la namba nane, na C5, chenye matundu matatu yaliyopangwa mfano wa majani matatu, ni vya ampea 2.5 tu. Hivyo ni vya redio, chaja za kompyuta mpakato na vifaa vidogo kama hivyo. Si vya kupikia wala kupasha moto.

Jambo jingine la kuangalia ni ethi. Kifaa chenye mwili wa chuma na pini tatu lazima kipate kichwa chenye matundu matatu, waya wenye nyuzi tatu ndani yake, na plagi ya pini tatu. Ukikosekana mmoja kati ya hivyo, kifaa kitawaka kama kawaida. Tofauti itaonekana siku ambayo waya wenye moto utagusa mwili wa kifaa, kwani aliyekishika ndiye atakayegeuka kuwa njia ya umeme kwenda ardhini.

Waya wenyewe na plagi yake

Kiunganishi kizuri kilichofungwa kwenye waya mwembamba hakina faida. Kwa kawaida nyaya nyororo za vifaa vya nyumbani, kwa kufuata desturi ya Uingereza, hukadiriwa hivi: waya wa milimita za mraba 0.75 hubeba ampea 6, wa 1.0 hubeba ampea 10, wa 1.25 hubeba ampea 13, na wa 1.5 hubeba ampea 15 au 16. Ukubwa huo huchapishwa kwenye gamba la waya.

Baadhi ya nyaya fupi za kompyuta zenye unene wa 0.75 huandikwa ampea 10, kwa kuwa urefu mdogo umeruhusiwa katika kiwango cha kimataifa. Hata hivyo, kwa jagi linalokaribia ampea 10 kila linapowashwa, waya wa 1.0 au zaidi ni chaguo la busara.

Plagi ya pini tatu bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda inatokana na kiwango cha Uingereza, BS 1363, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Ndani yake kuna fyuzi, na fyuzi hiyo inapaswa kulingana na waya: ya ampea 3 kwa vifaa vidogo, na ya ampea 13 kwa jagi, pasi na hita.

Kifaa kilicholetwa kutoka Ulaya kikiwa na plagi ya pini mbili za mviringo kisilazimishwe kwenye soketi kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu au bisibisi. Tundu hilo la ethi ndilo linalofungua vifuniko vya matundu mengine mawili, na pini nyembamba zikiingizwa kwa nguvu hazikamatwi vizuri. Matokeo yake ni kiungo kilicholegea cha aina ile ile inayozungumziwa hapa.

Viunganishi vya ndani ya kifaa

Mara nyingine kilichoungua si kichwa cha waya bali kibano kidogo kilichomo ndani, ambako waya hukutana na swichi, thamostati au koili ya kupashia moto. Vingi ni vya aina ya kusukuma: upande mmoja kuna ulimi bapa wa chuma, na upande wa pili kuna kibano kinachoukumbatia.

Vibano hivi hutambuliwa kwa upana wa ulimi, si kwa upana wa kibano chenyewe. Saizi tatu ndizo zinazokutwa zaidi majumbani: milimita 6.3, milimita 4.8 na milimita 2.8. Ya 6.3 ndiyo ya kawaida kwenye pasi, majiko na hita. Ya 4.8 hukutwa kwenye swichi na thamostati ndogo, na ya 2.8 hutumika kwenye njia za mkondo mdogo, kama taa ya kuonyesha kuwa kifaa kimewaka.

Rula ya shule inatosha kutofautisha saizi hizo tatu. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni unene. Ndimi nyingi za 6.3 zina unene wa milimita 0.8, lakini za 4.8 hupatikana za 0.8 na za 0.5. Kibano cha ulimi wa 0.8 kikiwekwa kwenye ulimi wa 0.5 huingia kwa ulaini wa kupendeza, na ulaini huo ndio dalili kwamba hakibani.

Baada ya ulimi, pima waya utakaoingia katika kibano. Vibano vyenye plastiki ya rangi huuzwa kwa utaratibu unaoeleweka: chekundu ni cha waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, cha buluu ni cha 1.5 hadi 2.5, na cha njano ni cha 4 hadi 6. Waya mwembamba kwenye kibano cha waya mnene hautashikwa hata ukibanwa kwa nguvu zote.

Joto ndilo huamua madini

Vibano vya plastiki ya rangi vinapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, lakini havifai kila mahali. Plastiki nyingi za aina hiyo huanza kulainika katika joto ambalo ni la kawaida kabisa ndani ya pasi au karibu na koili ya jiko.

Kwa sehemu za moto, angalia kile kilichotolewa. Kama kilikuwa kitupu, chenye rangi ya fedha iliyofifia, na waya wake umevishwa ala ya nyuzi za kioo, basi mtengenezaji aliweka chuma kilichopakwa nikeli kwa sababu maalumu. Rudisha cha aina hiyo pamoja na ala yake. Kibano cha shaba njano kilichopakwa bati kinafaa kwa sehemu zenye joto la wastani tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuunga kwa risasi hakufai karibu na koili. Bati, ambalo ndilo huwa sehemu kubwa ya risasi ya kuungia, huyeyuka katika nyuzi 232, na risasi ya kawaida ya mafundi wa redio huyeyuka hata chini ya hapo. Kiungo kinaweza kuonekana imara fundi anapokikabidhi, kisha kikaachia siku kifaa kitakapofika joto lake kamili. Konekta za plastiki zenye skrubu, zinazotumika kuungia nyaya za taa za dari, nazo zisiwekwe huko.

Kwenda dukani

Iwe ni Kariakoo jijini Dar es Salaam, barabara ya Luthuli jijini Nairobi au duka la vifaa vya umeme la mtaani, kanuni ya kwanza ni kwenda na kipande chenyewe kilichoharibika. Mweleze muuzaji mambo manne: umbo, ampea, joto la mahali kinapokaa, na kama kina ethi. Muuzaji anayejibu kuwa "hiki kinaingia kote" hajajibu swali.

Soma maandishi kwenye kichwa cha waya. Panapaswa kuonekana ampea, volti na jina la mtengenezaji. Kisicho na maandishi yoyote kiachwe. Nchini Tanzania alama ya ubora ya kutazama ni ya Shirika la Viwango, TBS, na nchini Kenya ni ya KEBS.

Chukua pia sumaku ndogo. Shaba haivutwi na sumaku. Ukiigusisha kwenye nyuzi za waya zilizokatwa na ikanasa, nyuzi hizo ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na waya huo utapata moto hata kama gamba lake limeandikwa unene unaostahili. Uzito nao husema: waya mnene lakini mwepesi mno mkononi mara nyingi una plastiki nyingi na madini kidogo.

Badilisha pande zote mbili

Kosa linalorudisha mafundi kwenye kifaa kile kile ni kubadilisha kichwa cha waya na kuziacha pini za kifaa zilizoungua. Pini iliyopata moto sana hupata utando mweusi na hupoteza mng'ao. Kichwa kipya kikichomekwa hapo huungua kama kilivyoungua cha zamani, mara nyingi ndani ya wiki chache. Vivyo hivyo kwa ulimi na kibano: ulimi ukibadilika rangi, swichi au thamostati iliyoubeba nayo inastahili kubadilishwa.

Waya nao ukatwe hadi mahali ambapo shaba inang'aa na gamba lake bado ni laini. Kama weusi umeingia mbali ndani ya gamba, waya wote uondolewe.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Zingatia rangi: kahawia ni waya wenye moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mistari ya njano ni ethi. Vifaa vya zamani vinaweza kuwa na nyekundu, nyeusi na kijani kwa mpangilio huo. Kibano kibanwe kwa koleo lake maalumu, kisha kivutwe kwa mkono. Kikichomoka, ni heri kimechomoka mezani.

Kwa mwenye multimita, jaribio muhimu kuliko yote ni kati ya pini ndefu ya plagi na mwili wa chuma wa kifaa, kifaa kikiwa hakijachomekwa ukutani. Usomaji unapaswa kukaribia sifuri. Kati ya pini mbili fupi, huku kifaa kikiwa kimewashwa kwa swichi yake, jagi la mfano wetu litaonyesha takriban omu 26. Likionyesha sifuri, lisichomekwe kabisa.

Multimita za bei nafuu haziwezi kupima kwa uhakika ukinzani wa sehemu mbili za kumi za omu, ambao tumeona kuwa unatosha kuyeyusha plastiki. Kwa hiyo jaribio la mwisho ni la joto. Chemsha jagi moja la maji huku ukilisimamia, chomoa ukutani, kisha gusa kichwa cha waya. Uvuguvugu ni wa kawaida. Kama mkono hauwezi kutulia hapo, kazi haijakamilika.

Pale pa kumwachia fundi

Yapo mambo ambayo msomaji asiyajaribu mwenyewe. Tanuri la mikrowevu lina kapasita inayoweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Hita ya kuogea iliyofungwa ukutani na soketi zenyewe za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Hata hivyo, kumwachia fundi hakumwondolei mwenye kifaa haki ya kuuliza. Aombe kuonyeshwa kiunganishi kabla hakijafungwa, asome ampea zake, na aulize kama kinahimili joto la mahali kinapowekwa. Jagi huwashwa asubuhi na mapema, mara nyingi na mtoto anayejiandaa kwenda shule. Ni vyema aliyelitengeneza awe alikichagua kiunganishi chake kwa kujua kitakachobeba.